Uzoefu wangu: laptopu na printa ya kubeba mwaloni, na kwa nini sitaki ziwe kitu kimoja

Kazi yangu ni kuchapia watu karatasi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, Tanzania. Mvuvi anauza mtumbwi au injini, anataka mkataba leo leo kabla mnunuzi hajageuza maneno. Kikundi kinataka orodha ya wanachama, mama wa dagaa anataka barua ya kupeleka kwa mtendaji igongwe muhuri. Nazunguka mialo, yaani mahali boti za uvuvi zinaposhusha samaki, ya Igombe na Kayenze, mara nyingine navuka hadi kisiwa cha Ukerewe. Kwenye mkoba nina laptopu ya mtumba ya inchi 14, printa ndogo ya wino inayotumia betri, kebo, na karatasi nilizozifunga zisiguswe na maji. Na karibu kila mteja mpya, hasa wazee, huniuliza swali lile lile: "Mwanangu, hawa Wazungu walishindwa kuiweka hiyo printa humo humo ndani?"

Hawakushindwa, na kwenye kompyuta za kubeba zenye betri waliotangulia walikuwa Wajapani. Epson walitangaza HX-20 mwaka 1981 na kuanza kuiuza mwaka uliofuata. Ilikuwa na ukubwa wa karatasi ya A4, uzito wa kilo 1.6 hivi, betri ya kuchaji na printa ndogo ubavuni mwa kioo. Kioo chenyewe kilionyesha mistari 4 tu ya herufi 20, na printa ilitoa herufi 24 kwa mstari kwenye rola nyembamba. Mwaka 1985 HP ya Marekani ikaleta Integral PC, yenye printa ya wino juu yake. Hiyo iliweza ukurasa mzima, lakini ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na haikuwa na betri: unaibeba hadi uendako, ukifika unatafuta umeme. Kisha mwaka 1993 Canon wakatoa NoteJet, na IBM ya Japani ikauza ThinkPad 550BJ waliyoitengeneza pamoja na Canon. Hizo zilikuwa laptopu kamili, zenye betri, na printa ya wino ya A4 imefichwa ndani ya kiwiliwili. Ukiona picha yake leo utasema ndiyo hasa mtu wa kazi kama yangu anayoitafuta.

Mimi siitafuti tena, na sababu ya kwanza ni karatasi yenyewe. Kompyuta unaweza kuipunguza hadi iingie mfukoni, na simu zimeshafanya hivyo. Karatasi ya A4 haipungui: ni sentimita 21 kwa 29.7, na kila kinachoivuta lazima kiwe na upana huo. Unahitaji roli za kuishika, mota ya kuizungusha, kichwa cha kuchapa kinachokimbia kushoto na kulia, mdomo wa kuingizia na mdomo wa kutolea. Vyote hivyo vikiingia chini ya kibodi, laptopu inanenepa, na nafasi ambayo ingekaa betri imeliwa na kifaa ambacho wenye laptopu wengi wanakitumia mara moja moja. Mwenye mashine anabeba uzito wa printa kila siku, hata siku anayoandika tu bila kutoa hata karatasi moja.

Kando ya ziwa hili jambo linaonekana haraka zaidi. Karatasi hapa hunyonya unyevu, inajikunja pembeni, na roli huvuta mbili kwa pamoja. Kuna mchanga. Kuna magamba ya dagaa waliokauka yanayopeperuka na upepo wa mchana. Kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi na kuingia kila penye tundu. Printa yangu naitoa kwenye mfuko wakati wa kuchapa tu, nikimaliza nairudisha. Laptopu inabaki wazi siku nzima kwa sababu haina mdomo mpana kama wa printa. Printa ingekuwa ndani yake, mdomo ule wa kupitishia karatasi ungekuwa mlango wa mchanga kuelekea kwenye ubao wa kompyuta. Halafu karatasi hukwama, hilo halikwepeki. Ikikwama nafungua kifuniko cha printa, navuta, naendelea, na mkataba uliochapwa nusu bado uko salama kwenye kioo. Sitaki kufikiria kuipindua laptopu mteja akiwa amesimama pale na shahidi wake.

Na kuna namna ya kuvibeba. Laptopu naisimamisha kwenye mkoba, naifungua mapajani hata ndani ya boti na kuanza kuandika tukiwa bado majini. Printa ya wino inataka kulala bapa na kutulia. Vitu viwili vyenye tabia mbili tofauti hivi vikifungwa kwenye ganda moja, kimoja kitaishi kwa masharti ya mwenzake.

Sababu ya pili ni wino. Printa nyingi ndogo za kubeba hufanya kazi kwa joto: kipande kidogo cha chuma ndani ya tundu la kichwa hupata moto zaidi ya nyuzi 300 kwa muda usiofika hata sehemu ya elfu ya sekunde, wino unaokigusa unageuka mvuke, povu linasukuma tone nje. Njia hii Canon wanaisimulia kuwa ilianza mwaka 1977, pale mhandisi wao Ichiro Endo alipoona chuma cha kulehemu kikigusa sindano yenye wino na wino ukaruka kutoka kwenye ncha. Ni ugunduzi mzuri sana, naustahi kila siku ninapofanya kazi. Lakini vitundu hivyo ni vyembamba na wino hukauka. Nisipopata wateja, bado huchapa ukurasa mmoja kila baada ya siku chache ili kichwa kisizibe, kwa sababu kukizibua kwa programu ya usafi kunakunywa wino mwingi kuliko kuchapa. Sasa mfikirie mtu wa ofisini mwenye laptopu yenye printa ndani, anaandika wiki tatu bila kuchapa, siku ya kuchapa inatoka michirizi. Na printa ya leza, inayotumia unga badala ya wino, isingekuwa jibu. Ile roli inayoyeyushia unga kwenye karatasi hufika nyuzi 200 hivi na inataka mamia ya wati. Betri ya laptopu haiwezi kuibeba.

Kwangu mimi, hata hivyo, la kuamua ni umri. Laptopu na printa hazizeeki pamoja. NoteJet ya kwanza ilitoka na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha 486 mwaka ule ule wa 1993 ambao Intel walileta kizazi kilichofuata, Pentium. Baada ya muda mfupi kompyuta ilikuwa imepitwa na wakati huku printa ndani yake bado ikichapa vizuri, na huwezi kuitoa. Wakati huo Canon wenyewe, tangu mwaka 1990, walikuwa wakiuza BJ-10e, printa ya ukubwa wa karatasi ya A4 yenye uzito chini ya kilo 2, unayoichomeka kwenye kompyuta yoyote. Mtu angenunua printa iliyofungwa milele kwenye kompyuta moja ili iweje? Tena mwaka huo huo wa 1993 Adobe wakatoa PDF, na polepole watu wakazoea kutuma ukurasa bila kuuchapa kabisa.

Mimi nimeshabadilisha laptopu na printa ni ile ile. Laptopu ilipokuwa kwa fundi mjini, niliazima ya binti wa dada yangu, nikachomeka kebo, kazi haikusimama.

Haki isemwe: kuna mahali mashine zenye printa ndani zilipendwa sana. Japani walikuwa na mashine za kuandikia zilizoitwa wapuro, kwa sababu maandishi yao ya kanji hayaingii kwenye taipureta ya kawaida. Ya kwanza, Toshiba JW-10 ya mwaka 1978, ilikuwa na uzito wa kilo 220. Miaka michache baadaye zikawa za kubeba mkononi, na zilitumika majumbani hadi kompyuta za kawaida zilipozimaliza. Lakini zile zilikuwa na kazi moja, kuandika na kutoa karatasi. Anayezinunua ananunua karatasi.

Na hapa kwetu tunaziona kila siku bila kuziita kompyuta. Mashine za EFD za kutolea risiti za kodi, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, na vile vimashine vya mkononi vya kukatia ushuru na tiketi, ni kompyuta zenye printa ndani, na hakuna anayezilalamikia kwa hilo. Rola ni nyembamba, hakuna wino wala katriji: kichwa kinapasha moto karatasi yenye dawa, nayo inabadilika rangi. Risiti ndiyo sababu ya mashine kuwepo. HX-20 na rola yake ya herufi 24 ilikuwa karibu zaidi na vimashine hivi kuliko na laptopu.

Zipo pia printa za A4 zinazochapa kwa joto bila wino, ndogo na nyepesi kuliko yangu. Kwa kazi yangu sizikubali. Karatasi ya joto hufifia kwa jua, kwa vifuko vya plastiki laini, na kwa mafuta. Mkataba wa injini unashikwa na mikono iliyotoka kupasua sangara, unakunjwa, unakaa kwenye boti. Mwaka ujao wakigombana, mtu atafungua karatasi nyeupe.

Ukitaka kuanza kazi kama hii, anza na katriji kabla ya printa: ulizia madukani Mwanza ipi inapatikana mwaka mzima na kwa bei gani, ndipo uchague printa inayoila. Hakikisha betri yake inachomoka, na kwamba inachaji kwa USB ili uweze kutumia sola au pawa benki ukiwa kisiwani. Karatasi nunua ya gramu 80, nyepesi zaidi ya hapo inajikunja upesi kwa unyevu. Na kebo beba ya akiba, kwa sababu kuchapa kwa hewani kunasumbua pale pale ambapo mteja ana haraka.