MikroTik hEX kwenye gesti yangu: boksi ni rahisi, elimu ndiyo ghali

Nina gesti ndogo hapa Tanga, na intaneti ya wageni inaendeshwa na ruta ya MikroTik hEX, toleo la RB750Gr3. Kabla ya hapo tulitegemea ruta ya bure tuliyopewa pamoja na laini. Mgeni mmoja akianza kushusha filamu chumbani, dada wa mapokezi hawezi hata kutuma risiti kwa WhatsApp.

Kwanza elewa kwamba hEX haina waifai. Watu hufungua boksi wakatafuta antena, hawaioni, wakadhani wameibiwa. Kazi yake ni kuongoza mtandao. Waifai inatoka kwenye vifaa vingine unavyochomeka kwa waya. Ni kiboksi cheupe cha kushika kiganjani, kina matundu matano ya waya, kila moja la kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, na RAM ya MB 256. Ukikuta hEX lite kwa bei ya chini, matundu yake yanaishia megabiti 100. Kwa laini tulizonazo wengi wetu inatosha, muuzaji asikutishe.

Unachonunua hasa ni programu iliyomo ndani. MikroTik ni kampuni ya Riga, Latvia, iliyoanzishwa mwaka 1996, na ilianza na programu: RouterOS iliwekwa kwenye kompyuta ya kawaida ikageuka ruta. Vifaa vyao wenyewe vilifuata mwaka 2002. Mpaka leo RouterOS ya kiboksi changu ndiyo hiyohiyo inayoendesha mashine zao kubwa za watoa huduma wa intaneti. Leseni imo ndani ya bei, na kusasisha hulipii. hEX inakuja na leseni ya daraja la 4, yaani hotspoti, mfumo wake wa kuwaingiza wageni kwenye intaneti, inabeba watu 200 kwa wakati mmoja. Gesti yangu ikijaa mpaka varandani haifiki huko.

Kilichoniridhisha zaidi ni ugawaji wa kasi. Kuna mpangilio unaitwa PCQ: wageni wawili wakiwa wanavuta kwa nguvu, kila mmoja anapata nusu, wakiwa kumi, kila mmoja anapata fungu lake la kumi, bila mtu kukaa kuhesabu. Mapokezi nimewatengea fungu lao, halishikwi na mgeni yeyote. Vocha za mgeni zinatoka kwenye hotspoti ileile: anapewa karatasi yenye namba, muda wake ukiisha inajifunga yenyewe. Malalamiko ya intaneti yamepungua mno, sasa yamebaki ya mbu.

Halafu umeme. hEX inakubali volti 8 hadi 30, kwa hiyo fundi aliiunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 inayochajiwa na sola, bila inveta. Umeme wa gridi ukikatika usiku, ruta haina habari. Kwa mazingira yetu naona sifa hii inazidi gigabiti zote.

Sasa ugumu. Ukifungua Winbox, programu ya kuipangia, utakutana na menyu ndefu inayomdhania kila mtu ni injinia. Kampuni yenyewe haiuzii mtu mmojammoja, inapitisha mzigo kwa wasambazaji, hivyo usitarajie namba ya huduma kwa wateja ya kukushika mkono. Gharama ya fundi iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, na mwambie akukabidhi nywila ya admin siku hiyohiyo, mbele yako, kabla hujamlipa. Wapo mafundi wanaobaki nayo ili uwaite kila mwezi. Ukitaka kujifunza mwenyewe, bonyeza Safe Mode kabla ya kugusa chochote: ukijifungia nje, ruta inarudisha mipangilio ilivyokuwa.

Kusasisha nako si hiari. Mwaka 2018 ilibainika tundu la usalama kwenye Winbox. MikroTik waliliziba mwezi wa nne mwaka huohuo, lakini ruta nyingi ambazo hazikusasishwa, hasa Brazil, zilitekwa zikawekewa programu za kuchimba sarafu za kidijitali kupitia kompyuta za wateja. Kwa hiyo funga Winbox isifikike kutoka nje, na kila toleo thabiti likitoka, lipakie.

Kwa nyumba yenye simu tatu na televisheni, achana nayo, utajitesa bure. Kwa gesti, hosteli, shule au ofisi inayogombania laini moja, sijaona cha bei hii kinachoifikia. Ukinunua iliyotumika, usiiunge hivyohivyo: shikilia kitufe cha kufuta mipangilio huku unachomeka umeme, taa ikianza kumetameta achia, kisha sasisha na uweke nywila mpya kabla mgeni hata mmoja hajaunganishwa.