Mlio baada ya kubadilisha giaboksi: uzoefu wangu na fundi wa Walukuba

Kwa mwenye haraka: fundi huyu nampa nyota nne kwa tano. Nyota moja nimeibakiza kwa sababu ya muda, nitaieleza huko chini.

Gari langu ni Toyota Mark II, GX90 ya mwaka 1995, injini ya 1G-FE, silinda sita za lita mbili. Giaboksi yake ya otomatiki ilichoka hadi ikawa inateleza kila ikifika mlimani. Ndugu zangu waliniambia niuze. Lakini tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza Uganda magari yaliyozidi miaka 15, umbo hili haliji tena kutoka Japani, na mimi siko tayari kuliacha. Nikaamua kuligeuza manyuo, yaani la gia za mkono na klachi. Gereji moja ya Kampala, ambayo sitaitaja jina, ikafunga giaboksi ya mtumba ya gia tano, flaiwili, klachi, pedali na silinda zake, kisha ikakata na kuchomelea kipande cha mbele cha propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ili kilingane na urefu mpya. Nyaya na pedali walizifanya vizuri mno, sina neno. Mpaka taa ya rivasi inawaka.

Tatizo lilikuwa kelele.

Gari likiwa nyutro, injini inazunguka polepole, mguu ukiwa nje ya klachi, kulisikika tik-tik-tik ya chuma kutoka chini ya kiti. Ukikanyaga klachi, kimya. Halafu barabarani, kuanzia kilomita 70 kwa saa, sakafu ilianza kunguruma. Ikifika 80 na 90 hata mazungumzo yanakuwa ya kupaza sauti. Na ukianza kuondoka ukiwa mlimani, gari linatetemeka kidogo, kisha linagonga “du!” katikati.

Nilirudi gereji. Walifungua boneti, wakasikiliza gari likiwa limesimama, wakakanyaga klachi na kuachia, wakatikisa vichwa. Giaboksi imekufa, bosi, leta nyingine. Bei waliyonitajia ilikuwa laki tisa, kazi juu yake. Hawakutoka na gari hata hadi kwenye lami. Nikaondoka na gari langu nikarudi Jinja.

Fundi ninayemwandikia hapa ni mzee anayefanya kazi nyuma ya nyumba yake Walukuba, hapa Jinja. Ni Mnubi, amezeekea kwenye magari ya jeshi, na Kiswahili chake ni kile cha kambini: kifupi, hakina mapambo. Kabla hajashika spana aliniuliza maswali ambayo nilidhani hayana mwisho. Inalia ikiwa baridi au moto? Inafuata injini au inafuata barabara? Ukiachia mafuta inabadilika? Nikamwambia kila kitu. Akasema: “Mwanangu, wewe uliwapelekea milio miwili, wakakujibu mmoja.”

Ule wa nyutro alianza nao kwa sababu ni rahisi. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye ganda la giaboksi, mpini akaubana na mfupa wa nyuma ya sikio, macho amefumba. Akahama mbele karibu na klachi, akarudi nyuma, akanipa na mimi. Kwa bisibisi unatofautisha kabisa: beringi mbovu inasaga bila kupumzika, lakini hii ilikuwa inagonga kwa vipindi, kavu, ikifuata mapigo ya injini. Kwenye otomatiki kuna oili inayozunguka ndani ya konveta, na oili hiyo humeza mitikisiko ya injini kabla haijafika kwenye gia. Kwenye manyuo kazi hiyo imeachiwa springi za klachi pleti, na zile gia zisizobeba mzigo hubaki zikigongana meno. Ukikanyaga klachi zinasimama, kelele inakwisha. Kama ingekuwa relisi beringi, ile inayosukuma klachi ukikanyaga, ingefanya kinyume: ingelia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia.

Hakuishia hapo. Alifungua nati ya chini, akamwaga oili kwenye beseni, akapitisha sumaku. Ikatoka na ute wa kijivu, laini, ukiusugua kwa vidole hauchomi. Huo, alisema, ni uzee wa kawaida. Angepata vipande vinavyong’aa au jino la gia, hapo tungeongea mengine. Ila oili yenyewe ilikuwa nyepesi na nyeusi, sijui walitia nini. Tukajaza mpya ya 75W-90, kama lita mbili na nusu, mpaka ikachuruzika kwenye tundu la pembeni. Ile tik-tik ikapungua zaidi ya nusu. Haijaisha, na mzee alinionya mapema kwamba haitaisha.

Mlio wa pili ndio uliompa heshima yangu. Tulitoka kwa barabara ya Iganga, tukapita Kakira kwenye matrela ya miwa, tukaendelea upande wa Magamaga ambako lami inanyooka. Mimi naendesha, yeye kiti cha abiria, mkono mmoja ameuweka sakafuni. Aliniamuru nifike 80, nikanyage klachi, nitie nyutro, niachie gari liteleze. Injini ikashuka, mngurumo ukabaki palepale, ukapungua tu kadiri mwendo ulivyopungua. Basi injini na klachi zimetoka kwenye kesi.

Kisha tukajaribu gia ya tatu, ya nne na ya tano, zote kwa mwendo uleule wa 80. Hili sikuwahi kuliona kwa fundi mwingine. Kwenye giaboksi hii gia ya nne ni ya moja kwa moja, nguvu inaingia na kutoka bila kupitia gia za shafti ya chini. Kwa hiyo beringi za shafti ya chini zikiwa zimekufa, gia ya tatu na ya tano zitapiga kelele, ya nne itapoa. Kwangu zote tatu zilinguruma sawasawa. Giaboksi ya laki tisa ikafutwa hapohapo kwenye lami.

Zilibaki magurudumu, difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma) na propela. Akaniambia niyumbishe gari kidogo kushoto na kulia, kwa sababu beringi ya gurudumu hubadilisha sauti uzito unapohamia upande wake. Hakuna kilichobadilika. Nikakanyaga mafuta, nikaachia, nikakanyaga: difu yenye meno yaliyolika huimba kwa sauti moja ikivuta na nyingine ikisukumwa. Hapa pia hapana. Akapiga hesabu ambayo naikumbuka mpaka leo. Kwa 80, tairi langu linazunguka kama mara 11 kwa sekunde, lakini propela, kwa kuwa difu inaigawa karibu nne kwa moja, inazunguka kama mara 45. Mtetemo wa tairi unaupata mikononi kwenye usukani. Wa propela ni wa kasi mno kwa mkono kuuhesabu, unaingia kwenye kiti na masikio kama ngoma ya mbali.

Tuliporudi aliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi nne, akalala chini na chaki. Dakika chache tu akaniita. Alinionyesha uma wa krosi ya mbele (krosi ni kiungo kinachoiruhusu propela kujipinda), kisha ule wa nyuma ya kipande kilekile, na mstari wa chaki kati yao. Uma hizo mbili hazikulingana. Waliochomelea waliuzungusha uma wa mbele kiasi cha upana wa kidole. Krosi ikiwa kwenye pembe haizungushi kwa kasi moja. Ndani ya mzunguko mmoja inaharakisha na kupunguza mara mbili. Krosi nyingine inatakiwa ifute hiyo tofauti, na inaweza tu kama uma zimekaa kwenye mistari yake ya kiwandani. Zikipishana, hazifutani tena vizuri, na tofauti inabaki ikitikisa shafti. Mpira wa senta beringi, ile inayoshikilia propela katikati, ndio uliokuwa unakula kipigo hicho, na ulikuwa umechanika nusu ya mduara. Hiyo ndiyo “du!” yangu ya mlimani.

Sasa malalamiko. Mzee hana mashine ya kusawazisha propela, na hachomelei kitu kinachozunguka kwa kasi namna hiyo bila mashine. Shafti ilibidi iende Kampala kwa mtu anayemwamini, ikakatwa, ikanyooshwa, ikasawazishwa, na huko foleni ilikuwa ndefu. Gari likakaa juu ya stendi muda mrefu kuliko nilivyoambiwa, mimi nikawa mtu wa boda. Mzee hakunipigia hata mara moja kunieleza limefikia wapi. Wala haandiki risiti. Ukihitaji karatasi kwa ajili ya ofisi yako, njoo na kitabu chako akusainie.

Kwa upande wa pesa sina kinyongo. Uchunguzi wote, pamoja na ile safari ya Magamaga, elfu sitini. Hauzi spea, alinitajia ninachohitaji nikajinunulia mwenyewe, senta beringi mpya laki moja na nusu, na alikataa ile ya kwanza niliyoleta kwa sababu mpira wake ulibonyea kwa kidole gumba.

Leo gari linakwenda 100 na redio inasikika. Gia ya tatu inavuma kidogo nikiivuta sana, na mzee amesema tusiiguse mpaka ianze kukataa kuingia.

Ukitaka kumfuata, nenda asubuhi, na uwe na nafasi ya kutoka naye barabarani, kwa sababu hapokei gari la kuachiwa tu getini. Ijumaa usihangaike kabla ya saa nane na nusu mchana. Atakuwa msikitini, na vijana wake hawaruhusiwi kushika bisibisi ile.