Nilisema iwe nyepesi, sikusema iwe tupu

Naandika hii hasira haijaisha kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, kopi, kuprinti, kulamineti, na kuwajazia watu fomu za mtandaoni, na kompyuta yangu kubwa ya kazi ni ileile ya Windows 7 yenye RAM ya GB 4 iliyonisomeshea watoto wawili. Sasa miezi ya karibuni brauza, yaani Chrome ninayoingilia mtandaoni, ikawa inaganda. Vichupo vitano vinafunguka (sisi huku tunaviita tabu, na kweli ni tabu), cha sita kinazunguka mpaka mteja anaanza kuangalia saa. Na juu pale kuna ule mstari wa kusema ili upate masasisho utahitaji Windows 10, kila asubuhi naufunga, kesho yake umerudi kama mdai.

Hiyo ya masasisho wala simlaumu mtu. Chrome kwetu sisi wa Windows 7 iliishia toleo la 109, mwanzoni mwa 2023, na Microsoft wenyewe walishaiacha hiyo Windows toka Januari 2020, yaani nilikuwa natumia yatima wa baba na mama. Hasira yangu iko kwa fundi. Simtaji, na kibanda chake sikitaji, mjini hapa tunajuana.

Nikabeba CPU kwenye bodaboda, nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Nikamwambia fundi, naomba uifanye iwe nyepesi, hasa brauza, ila alamisho zangu (zile bookmarks) na paswadi usiguse mwanangu, ndiyo kazi yangu hiyo. Yeye earphone sikio moja, macho kwenye simu.

"Weka hapo mama."

"Lakini umenisikia?"

"Mama, kazi hii nafanya kila siku."

Kesho yake nikalipa 15,000, nikarudi, nikawasha. Jamani. Kweupe! Brauza imekaa kama nyumba iliyohamwa, hata misumari ya picha ukutani hakuna. Nilikuwa na alamisho za miaka, nimezipanga kwenye mafolda, mikopo ya wanafunzi kivyake, mambo ya kodi kivyake, vyeti vya kuzaliwa, ajira, nyingine zinampeleka mtu moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuingilia, maana ukianzia mwanzo utapotea. Nilikuwa nimeiweka kwa Kiswahili yote, maandishi nimeyakuza asilimia 125 kwa ajili ya macho yangu haya. Hii mpya aliyoniwekea imekuja kwa Kiingereza, herufi kama sisimizi.

Na paswadi zote hamna. Zangu, na za baadhi ya wateja pia. Najua mtaniambia kuhifadhi paswadi za watu ni kosa, nakubali ni kosa, lakini njooni mkae hapa siku moja muone kijana anafungua akaunti Jumatatu na Alhamisi hajui hata barua pepe yake inaanzaje.

Na siku hiyohiyo kama makusudi akaingia kijana na mama yake, wametoka Gairo, fomu ya mkopo imebaki kurasa mbili tu amalize. Paswadi ya akaunti iko wapi, ilikuwa humo. Paswadi ya barua pepe, humo humo. Mama wa watu kakaa kwenye benchi ameshika bahasha ya khaki mikono miwili, hajasema neno, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi kuliko angenitukana.

Nikampigia fundi. Vitu vyangu viko wapi? Vitu gani mama. Alamisho, paswadi. Akanyamaza kidogo, halafu akanijibu hivi, nayaandika kama alivyosema:

"Si ulisema iwe nyepesi?"

Yaani! Nikabaki mdomo wazi. Na hakuishia hapo, akasema mama hiyo kompyuta ingekuwa mtu tungeshasoma hitima, wewe nunua SSD, ile diski ya kasi, akacheka, nikasikia na wenzake wanacheka. Nikakata simu. Mpaka leo nikiosha vyombo hiyo sauti inanirudia, si ulisema iwe nyepesi, si ulisema iwe nyepesi. Mtu umpelekee nguo apunguze kiuno akurudishie kitambaa cha leso, halafu akuulize si ulisema inabana?

Kijana mmoja wa chuo anayekuja kuprinti kwangu ndiye aliyenieleza kilichotokea na hapo nikazidi kuumwa. Kumbe ukiiondoa Chrome kuna kiboksi kinakuuliza je, nifute na data zako za kuvinjari? Ukikiacha wazi, vitu vyako vinabaki kwenye diski, siku ukiirudisha unavikuta. Fundi akatiki. Tiki moja tu! Na kwa sababu kompyuta ni ya watu wengi sikuwahi kuingia kwenye Chrome na akaunti yangu ya Google, kwa hiyo hakuna nakala popote pale duniani. Akanionyesha pia kwamba alamisho zote unaweza kuzitoa kama faili moja la HTML ukaliweka kwenye flashi, hata dakika mbili haifiki. Miaka yote hiyo sikujua. Lakini mimi ni wa steshenari, fundi ni nani?

Sasa hapa ndipo nashindwa kujielewa. Alichoniwekea badala yake ni Firefox, brauza nyingine, toleo la 115 ESR (lile linalotunzwa muda mrefu), hiyo ni ya kutoka Julai 2023 na ndiyo ya mwisho inayokubali Windows 7, ila yenyewe iliendelea kuletewa viraka vya usalama wakati ile ya zamani imeshaachwa. Na inakimbia. Nasema ukweli wa Mungu, inakimbia. Vichupo kumi, fomu mbili za PDF, haigandi. Mteja wa pili baada ya yule wa Gairo aliniuliza mama umenunua kompyuta mpya? Nikajibu ndiyo, kwa hasira.

Nikaanza kulainika, nikasema basi labda kijana wa watu anajua kazi, ulimi tu ndio mbaya. Halafu yule wa chuo akakaa kwenye kompyuta yangu ya pili, nayo ya Windows 7, nayo inaganda vilevile, akafungua Chrome akabonyeza Shift na Esc, ikatokea orodha ya kila kichupo na RAM kinayokula. Juu kabisa kuna ekstensheni, yaani kiprogramu cha kuongezea kwenye brauza, ya kubadilisha PDF ambayo niliiweka mwenyewe siku nyingi, ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inanibadilishia ukurasa wa kutafutia nikadhani ni virusi. Akaiondoa. Kompyuta ikapumua. Dakika moja, bure, nikampa kopi zake bila malipo. Kwa hiyo hata ile ya kwanza pengine dawa yake ilikuwa hiyo tu? Damu ikapanda upya.

Lakini nayo bado imeishia 109 palepale, na mimi naingiza namba za NIDA, za vitambulisho vya taifa vya watu, humo, kwa hiyo kuihamisha ilikuwa lazima siku moja. Alifanya jambo sahihi kwa njia ya kishenzi, na hakusema pole.

Kijana wa Gairo tulimpatia akaunti yake kwa namba ya simu, saa kumi na moja jioni, mama yake akalala kwa ndugu zao kule Kihonda. Sikuwachaji.

Fundi nampa nyota moja. Firefox nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya Kiingereza. Fundi haya mbili, kwa sababu ya spidi. Hapana, moja na nusu. Ile kompyuta ya pili nayo inabidi ihamishwe, faili la alamisho nimeshalitoa, liko kwenye flashi, flashi iko kwenye pochi, na pochi naenda nayo hadi msalani.