Eti ukungu ni wa mapishi yangu: uzoefu wangu na ejenti wa flati Leicester

Nyota moja, nayo ni ya fundi aliyekuja mwishoni. Jina la ejenti silitaji. Ukipanga nyumba Uingereza miaka miwili mitatu, utakutana na mwenzake.

Flati ni ya chumba na sebule, kuta mbili zinatazama nje, na bafu liko katikati ya nyumba, halina dirisha. Lishikeni hilo la bafu. Baridi ilipokolea, ukungu mweusi ulianza pembe ya juu ya chumba cha kulala, ukahamia nyuma ya kabati, ukaishia kwenye mipira ya madirisha. Nikaandika, nikatuma picha. Ejenti akaja, akasimama mlangoni pa jikoni, akanusa, akatazama sufuria ya maharage ya nazi na kusema: "Nyinyi watu mnapika sana." Bafuni hakutia mguu. Kwenye ripoti akaandika kuwa chanzo ni "mtindo wa maisha wa mpangaji".

Maneno hayo yamenikaa kooni mpaka leo, kwa sababu nchi hii inajua yalikofikisha watu. Desemba 2020, mji wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki baada ya kuvuta hewa ya ukungu kwenye flati ya wazazi wake waliotoka Sudan. Uchunguzi wa kifo chake ulimalizika Novemba 2022, na wenye nyumba wakakiri kwamba walidhania tu mambo kuhusu maisha ya familia ile na walikosea. Sheria yenye jina lake imeanza Oktoba 2025 kwa nyumba za kansoli (halmashauri ya mji) na za mashirika ya makazi: hatari kubwa ya ukungu ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Baada ya yote hayo, mtu anakuja kunusa sufuria!

Ukungu hausomwi kwa pua. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 inaanza kutoa matone kwenye kitu chochote chenye nyuzi 12 kushuka chini. Wala ukungu haungoji matone. Unyevu kwenye uso wa ukuta ukikaa asilimia 80 kwa muda, unaota, na kwa hewa hiyohiyo ukuta unafika hapo ukiwa na nyuzi 15 tu. Ndiyo maana unaanzia pembeni, juu, na nyuma ya makabati, mahali ambapo joto la radieta, kile kipasha joto cha chumba, halifiki. Doa linalopanuka kila mvua inaponyesha ni jambo jingine: hapo tazama mfereji wa paa au ufa wa ukuta. Na unyevu unaopanda kutoka chini unaacha mstari wa rangi ya chai na chumvi nyeupe, kwa kawaida hauvuki mita moja kutoka sakafuni, na hautafuti ghorofa za juu. Kutofautisha haya matatu ni kazi ya dakika tano kwa mtu aliyekuja kufanya kazi.

Nunua kipima unyevu cha pauni 10 au pungufu. Kiweke mbali na dirisha na mbali na jiko, ukisome asubuhi na usiku. Kati ya 40 na 60 ni salama. Cha kwangu kilikuwa kinasoma 78 asubuhi, jiko likiwa halijawashwa tangu jana yake jioni, na baada ya mtu mmoja kuoga kilikuwa hakishuki chini ya 70 kwa saa nzima. Hapo jiko limeshatoka kwenye kesi.

Kilichobaki ni feni ya bafuni, ile ya kutolea hewa nje. Ilikuwa inanguruma vizuri, na hicho ndicho kinachowapumbaza wengi, kwa sababu mngurumo si hewa. Chukua karatasi moja ya chooni, iweke kwenye kifuniko cha feni, iachie. Feni nzima inaishika. Yangu iliiangusha sakafuni kila mara. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka feni ya bafu itoe lita 15 za hewa kwa sekunde, na ya jikoni 30 ikiwa karibu na jiko au 60 ikiwa mbali. Hii yetu haikuwa inatoa hata pumzi.

Nilimwandikia ejenti matokeo ya karatasi, na picha za kipimo. Akanijibu nifungue madirisha. Nyuzi mbili nje.

Fundi alikuja baada ya wiki kadhaa, na kwa haki yake nasema: alikuwa mtu kweli. Alifungua kifuniko cha dari, akaonyesha kosa bila kuulizwa. Kutoka kwenye feni mpaka ukuta wa nje walitumia bomba laini la kukunjika, la milimita 100, wakaliacha linaning'inia katikati kama bembea. Mvuke unaoingia ndani ya bomba la baridi unageuka maji, maji yanakusanyika kwenye tumbo la bomba, na tumbo likijaa hewa haina pa kupita. Alimwaga maji karibu lita mbili. Upande wa nje bomba lilikuwa limechomoka kwenye tundu la ukuta, kwa hiyo hata kile kidogo kilichopita kilikuwa kinaishia darini, juu ya chumba cha kulala. Juu ya pembe ileile.

Aliweka bomba gumu, akalilaza kwa mteremko kidogo kuelekea nje ili maji yatoke yenyewe, akalifunga sufi ya kuzuia baridi, na akaweka feni inayoendelea dakika 15 baada ya taa kuzimwa. Pia alifungua vijitundu vya hewa vilivyo juu ya fremu za madirisha, ambavyo mtu alikuwa amevipaka rangi vikaziba. Siku kumi baadaye kipimo kilikuwa 54. Na maharage ya nazi yalikuwa yanapikwa vilevile.

Siku hiyo ningewapa nyota tatu.

Nisimdhulumu mtu: upande wetu nao una kazi yake. Nguo za mashine moja zilizoanikwa ndani zinaachia karibu lita mbili za maji hewani, kwa hiyo zianikwe bafuni, mlango ukiwa umefungwa na feni inazunguka. Sufuria ifunikwe. Kabati liachane na ukuta wa nje kwa sentimita 5 mpaka 10. Ukitundika kanga au pazia refu, lisifunike radieta, maana joto lote linaishia kwenye kioo. Ukungu uliokwisha kuota usifutwe kavu, vumbi lake linasambaa chumba kizima. Lowesha kwa dawa ya ukungu, iache muda ulioandikwa kwenye chupa, futa, kausha, ndipo upake rangi. Rangi juu ya ukungu hai ni pesa iliyotupwa. Na tafadhali, jiki isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya choo, hewa inayotoka hapo inaunguza mapafu.

Nilipohama, nyota tatu zikaisha. Ejenti akakata pauni 160 kwenye dipoziti (pesa ya dhamana), akaandika "kusafisha ukungu uliosababishwa na mpangaji". Ilhali fundi wao wenyewe ndiye aliyemwaga yale maji!

Kwa aliyeko England, dipoziti haitakiwi kuzidi kodi ya wiki tano (kodi ya mwaka ikiwa chini ya pauni 50,000), na lazima iandikishwe kwenye mfuko uliokubaliwa na serikali ndani ya siku 30. Wasipofanya hivyo, mahakama inaweza kuwaamuru wakulipe kati ya mara moja na mara tatu ya dipoziti yenyewe. Ukikatwa usichokubali, mfuko una msuluhishi wa bure, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye nyumba. Mimi nilipeleka picha za siku ya kuingia, picha za ukungu zenye kipima unyevu ndani ya picha, video ya karatasi ikianguka, barua pepe zote kwa mpangilio, na risiti ya kazi ya fundi. Video hiyo ina sekunde tisa.

Pauni 160 zimerudi zote. Ile ripoti yenye "mtindo wa maisha wa mpangaji" bado iko kwenye faili lao, na landlodi anayefuata akiomba rejea, yaani maelezo yao kunihusu, ataisoma. Nimeomba kwa maandishi mara mbili isahihishwe. Nyota moja inabaki palepale mpaka nione imesahihishwa.