Gereji ya Gerezani iliyonigeuzia Ninja 400 ikawa ya treki: nini uwape, nini ukanunue

Nianze na jibu kabisa. Kama una pikipiki ya barabarani hapa Dar na unataka iwe chombo cha treki dei, yaani siku ya kukimbiza pikipiki kwenye uwanja wa resi, kazi ya kuchonga, kuchomelea, waya na faiba wape mafundi wa Gerezani wala usihangaike kuagiza nje, ila tairi, breki na kitu chochote kinachobeba mwili wako ukiwa kwenye kona nunua vya kampuni. Gereji ninayoiongelea haina hata kibao, ukishuka mwendokasi pale Gerezani unatembea kidogo kuelekea kwenye maduka ya spea za magari, utaona mashine mbili za kuchonga ziko barazani, chips za chuma zimejaa chini na vijana watatu wanne wanazunguka. Mwenye gereji ni mtu mzima, tunamwita mzee tu.

Chombo changu ni Kawasaki Ninja 400, mtumba wa Japani. Huko kwao leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400, kwa hiyo mia nne zinauzwa sana na mitumba yake inapatikana. Ni nyepesi, kilo 168 hivi, silinda mbili, na kwa mtu anayetaka kujifunza kona ni bora mara kumi kuliko kukimbilia cc 1000 ambayo utaogopa hata kuifungua. Na msiidharau, Ana Carrasco alibeba ubingwa wa dunia wa Supersport 300 mwaka 2018 akiwa na Ninja 400 hii hii, mwanamke wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia kwenye resi za lami za pikipiki za mtu mmoja, na aliwaacha wanaume nyuma. Ila ikitoka kiwandani imetengenezwa kwa ajili ya foleni na barabara mbovu, shokapu laini, breki ya mbele disk moja, kava za plastiki zenye matundu kila mahali, sailensa kimya. Ndio maana inabidi iguswe.

Dar hatuna treki ya lami ya pikipiki, kwa hiyo sisi tunapakia kwenye pikapu tunavuka Namanga tunaenda kukimbia Kenya. Sasa kwa wasiojua, treki dei sio mashindano, unalipia muda wa kuzunguka, mnagawanywa makundi kwa uwezo, lakini kabla hujaingia kuna jamaa anakagua pikipiki na akikuta inavuja hata tone moja anakurudisha. Yuko sahihi kabisa, oili kwenye lami ya kona inamwangusha mwenzako anayekuja nyuma ambaye hana kosa lolote. Nikamweleza mzee hivyo hivyo, nikijua ataniuliza habari za ekzosi na spidi kama mafundi wengine, yeye akauliza, "Mwanangu, kitu gani kinaweza kufunguka kikamwaga?" Hapo ndio nilijua nimefika kwa fundi.

Akatoboa kichwa cha nati ya kumwagia oili kwa kibiti cha milimita moja na nusu, akatoboa kifuniko cha kujazia oili na boliti za kalipa za breki (zile zinazobana pedi kwenye disk), halafu akazifunga kwa waya wa stenlesi uliosokotwa. Filta ya oili haina pa kutoboa, kwa hiyo akaizungushia klipu ya hosi ile ya bisibisi, klipu ndio ikashika waya. Cha kuangalia hapa ni upande waya unavuta, lazima uvute kuelekea kule nati inakokaza, ukiufunga kinyume umefunga urembo tu. Kijana wake mmoja aliufunga kinyume kwenye kalipa ya nyuma na mzee mwenyewe akaona kabla mimi sijasema, akaukata ukafungwa upya. Napenda gereji ambayo mkubwa anapita kukagua kazi ya mdogo.

Maji ya rejeta nayo yanatolewa. Kuleni ya rangi ina glaikoli, ikimwagika kwenye lami inateleza na haikauki haraka, treki nyingi hazitaki kuiona. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasigande na Dar hakuna kitu kinaganda, kwa hiyo tukaweka maji safi yaliyochemshwa ya mvuke, yale yanayouzwa shell kwa ajili ya betri (hakikisha ni maji na sio tindikali, chupa zinafanana sana), pamoja na dawa kidogo ya kuzuia kutu. Maji ya bomba usiweke, chumvi yake itakula aluminiamu ya ndani.

Kwenye mashine ya kuchonga ndio wanapotisha. Nilikuwa nataka vibonge vya kulinda fremu ikianguka, mzee akachukua fimbo ya nailoni nyeupe, akapima, ndani ya muda mfupi vimetoka viwili vimekaa sawasawa na boliti imezama ndani ili isikwaruze lami. Bobini, vile vidude vya kuinulia tairi la nyuma vinavyofungwa kwenye swingamu (mkono unaobeba tairi hilo), nailoni hiyo hiyo. Stendi ya kuinulia yenyewe akaichomelea kwa bomba, elfu tisini, na imenyooka, pikipiki haiyumbi ikiwa juu yake. Stendi hiyo ni ya lazima maana ile stendi ya pembeni inatolewa isije ikakwaruza chini ukilala kona, na kumbuka ina swichi, ukiitoa bila kuunganisha zile waya pikipiki inazima ukiweka gia. Fundi waya wake alilijua hilo bila kuambiwa.

Pegi za miguu hapo ndio sikuridhika. Nilitaka zipande juu na kurudi nyuma kidogo ili zisiguse chini, wakachonga pegi zenyewe nzuri sana zina meno ya kushika buti, lakini bamba linalozibeba wakalikata kwenye aluminiamu ambayo hawajui asili yake, ya chakavu. Nikasimama juu yake nikiwa gereji tu, nikaona linapinda. Nikiwa mkweli, aluminiamu zinafanana kwa macho lakini nguvu zinapishana mno, ya kuyeyusha masufuria na ya kutengenezea ndege zote zinang'aa vile vile, na kwenye kona uzito wako mwingi uko kwenye ile pegi ya nje. Nilipomrudishia mzee hakubisha hata kidogo, akalitoa akachonga jingine la chuma nene na hakunidai hela, limeongeza uzito kidogo lakini halichezi. Hata hivyo ushauri wangu uko pale pale, kipande hicho kama una uwezo agiza cha kampuni. Na usukani wa kuchonga, usithubutu.

Faiba sasa. Chini ya injini unatakiwa uwe na kava lililozibwa kama beseni, injini ikipasuka oili ibaki humo isimwagike treki. Sheria za mashindano makubwa zinataka libebe angalau nusu ya jumla ya oili na maji ya injini. Mzee hafanyi faiba ila alinipeleka kwa jamaa anayetengeneza boti za faiba, na huyu mtu ni hatari, alitumia kava la zamani kama kalibu, akaweka matabaka, akainua ukingo wa nyuma, akaacha tundu moja chini lenye kizibo cha mpira la kumwagia maji ya mvua. Tulilijaza maji ya ndoo tukaliacha, halikuvuja. Mtu anayefanya kazi ya kuzuia bahari isiingie kwenye boti atashindwaje kuzuia oili isitoke? Rangi hakupaka vizuri, ina mapovu upande wa kushoto, sijali.

Breki vitu vyote nilinunua mwenyewe, wao wakafunga. Hosi za mpira za kiwandani zinavimba zikipata joto na hendeli inaingia ndani kama sponji, kwa hiyo nikaweka hosi zilizosukwa waya wa chuma. Pedi, angalia herufi mbili zilizogongwa nyuma yake, ya kwanza ni ushikaji ikiwa ya baridi na ya pili ikiwa ya moto, HH ndio ya juu, zinazouzwa mtaani nyingi hazina hata herufi. Na mafuta ya breki ndio kitu watu wanakipuuza kuliko vyote. DOT 4, ambalo ni daraja la mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230, lakini inavuta unyevu kutoka hewani na ikishazeeka kiwango chake kinashuka mpaka 155, na sisi tunaishi pembeni ya bahari, unyevu wa Dar mnaujua. Yakichemka yanatoa povu, povu linabonyea, unashika breki na haipo. Mimi niliweka Motul RBF 600 ambayo ikiwa mpya inafika nyuzi 312. Kopo likishafunguliwa likabaki usilitunze kwa ajili ya mwaka kesho. Vijana wa gereji walitoa upepo kwenye breki kwa subira nzuri, mpaka hendeli ikawa ngumu kama jiwe.

Shokapu za mbele za Ninja 400 hazina pa kurekebisha, mtu mzito kidogo anaizamisha mbele kila akishika breki. Suluhisho la kweli ni springi ngumu zaidi kulingana na kilo zako. Mzee alinipa njia ya bei nafuu, oili ya shokapu nzito zaidi na vipande vya bomba la plastiki vya kukaa juu ya springi kuzikandamiza. Tulipima kwa kufunga zipu tai kwenye mguu wa shokapu, nikakaa na helmeti na suti yangu ya ngozi, tukatafuta izame kama milimita 35. Imesaidia, lakini springi haijawa ngumu, imekandamizwa tu, kwenye breki kali bado inazama sana. Nikipata hela nabadilisha springi.

Gia nilitaka kuongeza sproketi ya nyuma meno matatu, mzee akasema punguza jino moja mbele, ni kitu kile kile. Na ni kweli, ya kiwandani ni 14 kwa 41, ukiweka 13 mbele au 44 nyuma hesabu inakaribia kufanana kabisa, na sproketi ya mbele ni bei rahisi. Hasara yake cheni inapinda zaidi kwenye mduara mdogo inachakaa mapema. Mabadiliko haya yalinifaa sana kwa sababu kule karibu na Nairobi ni juu, kama mita 1,600, hewa nyepesi, injini iliyozoea hewa nzito ya Dar inapoteza sehemu kubwa tu ya nguvu, kwa makadirio ya kawaida asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Ukitegemea pikipiki itavuta kama inavyovuta Barabara ya Bagamoyo utashangaa.

Tairi nilinunua mwenyewe, 110/70 mbele na 150/60 nyuma, rimu 17. Kariakoo soma zile namba nne za mwisho kwenye mstari ulioandikwa DOT ubavuni mwa tairi, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi inang'aa dukani kumbe ina miaka saba, mpira umekauka, kwenye kona haishiki. Upepo nao upime upya ukifika treki. Ukijaza Dar ukapanda kule juu geji itasoma zaidi kwa kama psi mbili na nusu kwa sababu hewa ya nje imepungua, na hapo bado tairi haijapata moto. Wabongo wengi tunajaza kwa fundi pancha tunasahau, treki haitaki hivyo.

Kwenye ukaguzi ilipita bila neno, jamaa aliinama akamulika chini ya injini, akagusa waya mmoja mmoja, akabandika stika. Breki hazikuchoka mpaka jioni. Beseni la faiba liligusa lami kidogo kona ya kulia na halikupasuka.

Kasoro za gereji ni mbili. Ahadi zao za siku hazishikiki, ukiambiwa Ijumaa hesabu wiki inayofuata, kwa hiyo usipeleke chombo safari ikiwa imekaribia. Ya pili ni kubwa, hawana toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), wanakaza kwa mkono na uzoefu, na kwenye nyuzi za aluminiamu hilo halikubaliki. Mimi nilienda na yangu na kitabu cha vipimo, nikakaza kalipa na ekseli mwenyewe mbele yao, hawakununa, kijana mmoja akaomba nimfundishe kuisoma. Ufundi wote ukiacha spea na faiba haukufika laki saba. Taa na indiketa waliziwekea soketi, kwa hiyo nikirudi naweka saitimira, namba na taa nikaendelee na barabara bila kusumbuana na trafiki.

Ukienda nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, maana wanafanya kazi barazani, na peleka sampuli ya kitu unachotaka kuchongewa au kile cha zamani chenyewe. Picha ya kwenye simu haitamsaidia, mzee anapima kwa vernia na anataka kukishika.