Breki ya mkono ya mafuta kwenye Impreza yangu, na fundi aliyeniambia nitazoea

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kusubiri ipoe. Nilipeleka Subaru Impreza yangu ya zamani, ile ya toleo la GC8, katika gereji moja hapa Dar es Salaam ili nifungiwe breki ya mkono inayotumia mafuta, yaani wenzo (mkono wa kuvuta) wenye silinda yake inayosukuma mafuta ya breki badala ya kuvuta nyaya. Gari hili ninaliingiza kwenye mashindano ya barabara za vumbi, na kila anayeendesha huko anajua kwa nini kifaa hiki kinahitajika: nyaya za breki ya mkono iliyokuja na gari hazina nguvu ya kuyafunga magurudumu ya nyuma papo hapo unapoingia kona kali.

Nilikabidhiwa gari jioni. Nilipokanyaga breki, pedali ilishuka karibu kufika kwenye zulia ndipo ikashika. Nilipokanyaga tena harakaharaka ikapanda na kukaza, na nilipoiacha kidogo ikarudi kulegea. Nikamwita fundi mkuu aje aikanyage mwenyewe. Hakuikanyaga. Alisimama pembeni ya mlango, simu mkononi, akasema, "Bosi, breki za mashindano ndivyo zilivyo. Utazoea." Nikamwambia, "Fundi, naomba uingie ukanyage japo mara moja." Akajibu, "Kaka, utazoea tu," akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Jibu hilo limenikaa rohoni kuliko fedha niliyolipa. Dereva huzoea kiti kipya, huzoea usukani mzito, huzoea hata klachi inayoshikia juu. Pedali ya breki iliyolegea haizoeleki, na mtu anayelipwa kwa kazi ya breki hana ruhusa ya kumwambia mteja aizoee. Pedali inayopanda kwa kupampu ina upepo ndani ya mfumo, au pedi ziko mbali mno na diski. Pedali inayozama polepole chini ya mguu uliotulia, mipira ya masta silinda, ile silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga, inavujisha kwa ndani. Pedali ikiwa ngumu na fupi kupita kawaida, huku rimu za nyuma zikipata moto, fimbo ya wenzo imerekebishwa ndefu mno, kwa hiyo pistoni hairudi hadi mwisho na tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa. Dalili hizi hazifanani hata kidogo, na kuzitofautisha hakuhitaji chombo chochote zaidi ya mguu wa mtu aliye tayari kuuinua.

Niliporudisha gari walitoa upepo upya kwenye magurudumu yote manne, tena kwa mafuta ya chupa iliyokuwa imefunguliwa kitambo, katika jiji lenye unyevunyevu kama hili, wakati mafuta ya DOT 4 yanayotakiwa kuhimili joto la nyuzi 230 yakiwa mapya yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 yakishafyonza unyevu. Pedali ikabaki vilevile. Wakasema masta silinda imekufa. Nikanunua nyingine, pedali ikabaki vilevile. Wakaanza kuitazama busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwenye breki. Busta ikifa, pedali inakuwa ngumu, hailegei! Hapo nikachukua funguo zangu nikaondoka.

Aliyenisaidia ni fundi mmoja mzee wa eneo la Gerezani. Nilimwamkia, nikamweleza, akaingia kwenye gari bila kusema neno, akakanyaga pedali, akatulia, akakanyaga tena. Hakugusa gurudumu hata moja. Aliiondoa silinda ya breki ya mkono, akaunganisha mabomba kama yalivyokuwa zamani, akatoa upepo, na pedali ikapanda, ikasimama imara. Kwa hiyo masta silinda yangu ya mwanzo huenda haikuwa na kosa lolote.

Kisha akanionyesha. Silinda hiyo ya breki ya mkono ilikuwa imefungwa matundu ya mabomba yakiangalia chini, na kwa kuwa upepo hukimbilia juu, ulikuwa umejikusanya juu ndani ya silinda, mahali ambapo mafuta yanapita chini yake bila kuusukuma. Ungetoa upepo kwenye magurudumu hadi kesho, usingeufikia. Kwenye uzi wa nati kulikuwa na tepu nyeupe, ile ya mafundi wa mabomba ya maji, imezungushwa mara kadhaa na kuchanika nyuzinyuzi. Silinda ilikuwa na uzi wa vipimo vya inchi, nati za gari ni za milimita kumi. Zinakaribiana kiasi cha kuingia mizunguko michache kisha zikakaza, nao wakalazimisha kwa spana na kuziba kwa tepu. Bomba la breki halizibwi na uzi. Linazibwa na ncha yake iliyotanuliwa inapokaa sawasawa kwenye kitako chake, na kipande cha tepu kikikatika kinasafiri na mafuta hadi kwenye kalipa inayobana pedi kwenye diski.

Lililofuata ndilo lililonitetemesha. Breki za Impreza zimegawanywa kimshazari: njia moja ya mafuta inahudumia gurudumu la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, na njia ya pili inahudumia yaliyobaki, ili bomba moja likipasuka gari liendelee kuwa na breki mbele na nyuma. Gereji ile ilizikutanisha njia zote mbili kwa tii, kiungio cha mabomba chenye umbo la T, kwenye silinda moja. Tundu moja tu lingemwaga mafuta ya pande zote mbili, na mimi nilikuwa nimeliendesha gari hilo kwenye Barabara ya Morogoro, katikati ya malori na daladala.

"Kijana wangu," mzee aliniambia, "hii tii siwezi kukurudishia. Lete wenzo wenye silinda mbili." Nikauleta, wenye uzi unaolingana. Aliuinamisha matundu yakaangalia juu, akalegeza nati kidogo huku kijana wake akivuta wenzo taratibu. Yakatoka mapovu meupe, kisha mafuta masafi matupu. Pedali sasa inashika juu, na ukivuta wenzo kwenye vumbi gari linageuka mahali unapotaka.

Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba watu wasifunge kifaa hiki kabisa. Siwezi tena kusema hivyo, maana kikifungwa vizuri ni kizuri mno. Lakini aliyeniuzia wenzo ule wa kwanza alijua ni gari gani, na bado akanipa wenye silinda moja bila karatasi ya maelezo, kwa hiyo naye simsifu. Na kwa gari la kwenda nalo kazini bado ninasema hapana, hasa kwa kuwa mafuta hayashikilii gari lililoegeshwa usiku kucha, mgandamizo hupungua. Gereji ile ilikuwa imezing'oa nyaya za breki ya mkono na kunieleza kwamba sizihitaji tena. Mzee amezirudisha.

Nilipeleka ile tii na masta silinda ya zamani kwa fundi mkuu. Alinijibu kwamba gari lilitoka pale likiwa linasimama. Fedha yangu haijarudi hadi leo. Nilitaka kuandika kwamba hawafai kwa breki za mashindano, lakini hilo ni kuwapunguzia: hawafai kwa breki za gari lolote, na mwenye gari pale sasa hivi aikanyage pedali mbele yao kabla ya kulipa, na akiambiwa atazoea, asilipe.