Gari la kukodi Mwanza–Kampala: mlango wetu ulifungwa kwa mpira wa baiskeli

Ukikodi gari Mwanza kupeleka watoto Kampala, fungua na funga mlango wa pembeni mara kumi kabla hujatoa hata shilingi. Mimi niliufungua mara moja, nikaridhika.

Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka, tunakwenda kwa wifi yangu: mimi, baba watoto, watoto watatu na bibi yao. Mpaka Kigongo hakuna neno. Zamani pale ulikaa foleni ya kivuko mpaka maandazi ya safari yanaisha. Siku hizi ni daraja, kilomita tatu na ushee, umefika Busisi. Mwanangu mdogo wa miaka mitano alilia kwamba tumemnyima kivuko.

Baada ya Geita tukasimama kuchimba dawa. Kurudi, mlango umegoma. Unausukuma hadi mwisho, unalia "kwaa", halafu unarudi taratibu kama mlevi aliyekosea nyumba. Dereva akashuka, akautazama, wala hakushangaa. Akaingiza mkono chini ya kiti akatoa mpira wa baiskeli, ule wa kufungia mizigo. Ulikuwa umeshakatwa kwa kipimo cha mlango uleule, na fundo lake tayari.

Nikampigia tajiri wake. Nimesema habari za saa hizi, nikaeleza kwa adabu. Anajibu: "Dada, gari langu ni zima. Hao watoto wako wanapigiza milango kama wako kwenye daladala." Akakata. Nikapiga tena, haikupokelewa. Watoto wangu! Mwenye kosa ni huyo anayemkalisha mtoto wa watu pembeni ya mlango wa mpira.

Kuanzia hapo sote tuliingia na kutokea mbele. Mama mkwe, na magoti yake yale, akiuvuka mkono wa gia huku kaishika khanga kwa meno. Nilikuwa natafuta pa kuweka uso.

Bukoba tulilala, sina la kusema. Mutukula karatasi za gari zilikuwa kamili, hilo lazima niseme: kadi halisi, bima ya kuvukia, barua ya idhini. Na sisi tulikuwa na hati za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano, tukagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Kisha ofisa mmoja akataka kuhesabu vichwa. "Fungueni mlango." Dereva akaanza kufungua fundo. Ofisa akautazama mpira, akatutazama sisi, akasema, "Basi, fungeni."

Lukaya wauzaji wakatuzingira na mishikaki ya kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, wanaipenyeza dirishani hadi usoni kwa bibi, naye anacheka kwa mara ya kwanza tangu Geita. Kayabwe watoto wakataka kusimama kwenye mstari wa ikweta, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Wote wakapandia tena juu ya gia. Eti kwao hiyo ndiyo ilikuwa raha ya safari.

Nilishaamua: nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya tairi. Lakini Kampala, siku yake ya mapumziko, yule dereva alikwenda mwenyewe Kisekka kwenye vipuri, akanunua kigurudumu cha mlango kwa hela yake. Hakutuambia. Asubuhi ya kurudi mwanangu mdogo aliufunga kwa kidole kimoja. Nilitaka kulia. Basi, nyota tatu. Nne, ukimhesabu dereva peke yake.

Tulipofika Mwanza nikamdai tajiri anirudishie kidogo, angalau ya kumfidia kijana wake. Akauvuta mlango, akaufunga, akaufungua tena. "Dada, si huu hapa mzima? Nilikwambia."

Nyota moja.

Pasaka tunataka kwenda Kisumu. Namba ya dereva ninayo, ila gari analoendesha bado ni lilelile.